Kaniki kwa Mtoto Aliye Hai

Siku Zaina aliporudi kutoka Nachingwea, mama mkwe wake alikuwa uani akigeuza korosho juani. Ilikuwa Novemba mwaka 1998, saa nane mchana, joto la kuunguza nyayo. Binti Ausi aliinua macho akaona mwanamke anashuka na njia inayotoka barabarani, amevaa nyeusi tupu kuanzia kifuani hadi vifundoni. Alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso, na korosho alizokuwa ameshika zikamponyoka.

Pale Narung'ombe wapo wanawake waliovaa kaniki hata kwenda shamba, kwa kuwa haioneshi uchafu. Kwa Binti Ausi ilikuwa nguo ya jambo moja tu. Aliivaa miezi minne na siku kumi mwaka 1992, alipofiwa na mumewe. Alipotoka eda aliichoma moto nyuma ya choo, akaapa kwamba kaniki haitagusa tena mwili wake wala haitaingia kwenye ua wake. Sasa ilikuwa inaingia, imevaliwa na mkwewe, aliyeondoka siku tatu zilizopita kumpeleka mtoto hospitali.

Hakuuliza. Alikaa chini palepale katikati ya korosho, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kile kilio ambacho mtu akikisikia kijijini huacha alichoshika. Jirani yake Mwanamvua alikuja mbio, mwiko bado mkononi.

"Nani, shoga? Nani?"

"Fahadi. Mjukuu wangu. Wamemzika hukohuko."

Zaina alifika akihema, jasho linamtiririka. Aliwatazama wote wawili, uso umempauka.

"Mama, nani amekufa?"

 Na wakati huo, chini ya ile nguo nyeusi mgongoni mwa Zaina, ukatokeza mguu mdogo ukapiga teke.

 Mwanamvua aliutazama mguu, akautazama mwiko wake.

"Maiti wenu anarusha mateke," akasema. "Mimi narudi kwenye ugali wangu, utaungua."

Binti Ausi aliinuka polepole. Aibu na hasira vilikuwa vimeshampanda pamoja.

"Mume wako yuko hai," alimwambia Zaina. "Nimeagana naye asubuhi, yuko shambani anaokota korosho. Mtoto wako yuko hai. Hiyo nguo unamvalia nani?"

"Namvalia Fahadi, mama. Ni daktari ameniambia."

"Daktari gani anamvisha mtu msiba?"

"Amesema mtoto hanioni nikivaa khanga. Yale maua na michoro yanamchanganya. Mkono wangu unapotea humo humo, uso unapotea. Amesema nivae nguo ya rangi moja, iliyokoza, isiyo na ua lolote. Sokoni sikupata nyingine ya rahisi ila hii. Mama, Fahadi haoni. Haoni kama sisi."

Katika maneno yote hayo Binti Ausi alisikia moja. Haoni. Neno lile wawili hao walikuwa wamelizunguka kwa miezi, kama watu wanaozunguka shimo lililofunikwa majani, na sasa limetamkwa mchana kweupe. Alihisi baridi kwenye lile joto. Maana yeye alikuwa anajua. Na alikuwa anajua pia, au ndivyo alivyoamini, ni nani aliyempofusha mtoto yule.

*

Jina la Binti Ausi hasa lilikuwa Hadija, lakini tangu usichana wake Nanganga watu walimwita kwa jina la baba yake, na hata wajukuu walilizoea. Ukunga aliurithi kwa mama yake. Mwaka 1991 aliitwa Ruangwa pamoja na wakunga wengine wa jadi, wakafundishwa juma zima, akarudi na sanduku la bati lenye nyembe, sabuni, nyuzi, glovu na aproni ya plastiki. Sanduku lile alilifuta vumbi kila Ijumaa. Aliyofundishwa aliyashika yote. Alinawa hadi kwenye viwiko, aliacha kuweka majivu kwenye kitovu, na mimba iliyokaa vibaya aliipeleka hospitali mapema bila kubishana.

Jambo moja tu hakufundishwa, au lilifundishwa siku aliyokuwa na homa, nalo ni mtoto njiti. Hapo alibaki na ya mama yake. Mama yake alimwambia kwamba mtoto aliyewahi hajaja, amechungulia tu. Arudishwe ndani amalizie miezi yake. Akae chumba kisicho na taa, mlango wa pazia zito, pasiwe na mgeni wala maneno, mpaka siku zake zitimie. Binti Ausi alihesabu kwa korosho. Kila wiki iliyopungua aliweka korosho moja ndani ya kibuyu kidogo, na kila Ijumaa alitoa moja. Kibuyu kikibaki kitupu, ndipo mtoto anatolewa nje kwa vigelegele, kana kwamba amezaliwa siku ile. Aliwahi kufanya hivyo kwa watoto wanne. Wawili walipona.

Fahadi alizaliwa Ijumaa, tarehe tisa Januari, katikati ya Ramadhani, na katikati ya mvua za elinino ambazo hakuna aliyekuwa mtu mzima mwaka ule atakayezisahau. Barabara ya Ruangwa kwenda Nachingwea ilikuwa imekatika mahali pengi, madaraja yamelala, malori yamezama hadi kwenye milango. Zaina alipasukwa na chupa alfajiri, mimba ikiwa ya miezi saba. Mumewe Shaban alitembea kwa miguu hadi Ruangwa kutafuta gari, na aliporudi jioni, bila gari, akiwa na matope hadi kiunoni, alikuta ameshakuwa baba.

Mtoto alikuwa na kichwa kama chungwa na mapaja kama kidole gumba cha bibi yake. Hakulia mara moja. Alilia baada ya kusuguliwa sana, na kilio chenyewe kilikuwa kama cha paka aliyefungiwa mbali. Zaina akashikwa na homa ya uzazi iliyomlaza siku kumi na moja. Kwa hiyo Binti Ausi alimfunga mjukuu kifuani mwake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi, akaingia naye chumba cha ndani. Alimkamua Zaina maziwa akamdondoshea mtoto kwa kijiko, tone, tone, mchana na usiku. Alilala ameketi. Kwenye kibuyu aliweka korosho tisa.

Mara tatu mtoto alisahau kupumua. Ghafla lile joto dogo kifuani lilitulia, na akimsogeza kwenye mwanga wa upenyo wa pazia alimkuta amekuwa rangi ya biringani. Alimpiga nyayo kwa ncha za vidole, akamsugua mgongo, akampulizia, mpaka akashtuka na kuvuta pumzi. Mara ya tatu ilichukua muda mrefu kiasi kwamba alishaanza kumsomea. Hakumwambia mtu. Zaina alikuwa anaumwa, Shaban alikuwa mwanamume, na mtoto alipona. Kulikuwa na haja gani?

Tarehe kumi na tatu Machi alitoa korosho ya mwisho. Alimleta Fahadi nje, amevimba mashavu, amefunguka macho. Mwanamvua alipiga vigelegele, Shaban akachinja jogoo. Zaina alimpokea mwanawe juani, akalia kwa furaha, na Binti Ausi alitembea siku ile uani kama mtu aliyeteka mji.

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo. Mtoto hakumfuata mtu kwa macho. Mwanamvua alimchekea, akampigia makofi, naye akageuza uso pembeni.

"Mjukuu wako ana maringo," Mwanamvua alisema. "Anachagua wa kumtazama. Huyu atakuwa mkuu wa wilaya."

Walicheka. Lakini wakati wa mavuno ya ufuta Zaina alipokuwa anapepeta, Fahadi aligeuka akautazama ungo. Ulipopanda aliupandia, uliposhuka aliushukia. Binti Ausi alimshukuru Mungu. Zaina akaacha kupepeta, akaushikilia ungo mbele yake, na macho ya mtoto yakateleza yakaenda zake, kana kwamba ungo umeyeyuka. Leo anaona, kesho haoni. Alijiambia kwamba macho ya mtoto aliyewahi huchelewa kuamka.

Hadi siku moja ya Julai. Zaina alikuwa ameenda kisimani. Fahadi, miezi sita, alikuwa kwenye jamvi ameegemezwa kwa mto. Binti Ausi alivua ndala, akamwendea kwa ncha za vidole bila kukohoa, akasimama mbele yake, hatua moja. Mtoto alikuwa ametulia, uso umeelekea kwake moja kwa moja. Alimtazama bibi yake kama mtu anavyotazama mlango ambao hana haja nao. Binti Ausi akachutama. Akatabasamu. Hakuna kitu. Akaweka kiganja wazi mbele ya uso ule, akakituliza. Hakuna kitu.

"Fahadi," akaita kwa sauti ndogo.

Mtoto akacheka, mwili mzima, akanyoosha mikono.

Binti Ausi alikaa kwenye vumbi. Miezi yote alidhani anatabasamiwa, kumbe inatabasamiwa sauti yake. Akakumbuka kile chumba. Wiki tisa bila taa. Maharage ukiyaotesha gizani yanatoka meupe, na hakuna jua litakalokuja kuyarudishia rangi. Yeye ndiye aliyeshusha pazia, kwa mkono wake. Zaina aliporudi na ndoo kichwani alimkuta anamwimbia mtoto. Binti Ausi hakumwambia, siku ile wala miezi iliyofuata. Zaina akiuliza, "Mama, huyu mbona hanitazami?" alijibu, "Macho yake yanaamka taratibu, mwanangu. Subira."

Aliyelifumua jambo ni nesi wa zahanati, Domitila, Oktoba, mtoto alipopelekwa chanjo ya surua. Alimzungushia tochi, akakunja uso, akaandika kwenye kadi ya kliniki. Alimwambia Zaina kwamba yupo daktari wa macho anayefika Nachingwea kila baada ya miezi mitatu, na asiikose zamu ya Novemba.

*

Ndivyo kaniki ilivyoingia uani. Na jioni ile ya kilio, baada ya Binti Ausi kumwambia Zaina aivue, Zaina alisema jambo ambalo mkwe wake hakulitegemea.

"Nilijua tangu mwezi wa nne, mama. Nilikuwa namnyonyesha, nikanyamaza makusudi, nikaona macho yake hayanitafuti. Nikaogopa kukwambia. Wewe ndiye uliyempa uhai. Nitasemaje kwamba amepungukiwa?"

Binti Ausi alibaki ameshika kizingiti. Mwezi wa nne. Walikuwa wamekaa jiko moja miezi yote hiyo, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile.

"Ivue tu," alisema.

"Sitaivua, mama. Unisamehe."

Zaina hakuwahi kumkatalia jambo. Tangu siku ile nyumba iligawanyika bila ukuta. Kila asubuhi Zaina alivaa kaniki, akakaa na Fahadi mahali pamoja, ukutani, redio imezimwa, kuku wamefukuzwa. Alishika kikombe cha plastiki cha njano mbele ya kifua chake cheusi, akakitikisa kidogo, akasubiri. Alihesabu kimoyomoyo hadi ishirini, hadi thelathini. Mtoto akichoka aliacha, akamnyonyesha. Binti Ausi alikaa upande wa pili wa ua, amempa mgongo. Alikula peke yake.

"Mama, ni kitambaa tu," Shaban alimwambia.

"Hata sanda ni kitambaa tu, baba. Kavae uende nayo sokoni."

Mwanamvua naye hakupitwa. "Zaina, eda yako inaisha lini, tuje tupike?"

"Njoo na mchele wako, shangazi," Zaina alijibu bila kugeuka, maana alikuwa amefika ishirini na sita.

Ilikuwa Desemba, siku chache kabla ya Ramadhani. Binti Ausi alitoka ndani na beseni la vyombo, akasimama mlangoni. Zaina alikuwa ameshika kikombe, kimya kabisa. Fahadi alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza kitu mbali, na Binti Ausi alitaka kujiambia kwamba ndiyo hayohayo. Kisha, macho yakiwa bado yameelekea pembeni, mkono mdogo ukanyanyuka. Ukasita. Ukaenda mbele, ukaparaza hewa, ukagusa ule unjano.

Kikombe hakikuwa na sauti. Hakikuwa na harufu.

Beseni lilianguka, sahani zikatawanyika, mtoto akaanza kulia. Binti Ausi alipita katikati ya vyombo, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na mahali alipochoma kaniki yake ya zamani.  Kama macho yale yamekufa gizani, yameonaje? Na kama hayakufa, kuna nini humo ndani? Alijua kwamba hatalala vizuri mpaka amuulize mtu anayejua, na kwamba swali lenyewe hawezi kuliuliza Zaina akiwepo.

*

Februari walikwenda Nachingwea wote watatu. Basi lilipita kwenye barabara mpya ya changarawe, na mahali pengine bado yalionekana makovu ya mvua, daraja la magogo pembeni ya daraja lililokatika.

Daktari wa macho alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, aliyeitwa Linus. Alimkunja Fahadi miguu, ambayo siku za karibuni ilikuwa imeanza kukaza, akammulika jicho la kulia, la kushoto, akamwita Binti Ausi aone.

"Tazama, bibi. Nikimulika, mboni inanywea. Nikitoa, inapanuka. Nimetazama mpaka nyuma kabisa. Macho haya ni mazima kuliko yangu."

Zaina alitumwa dirishani kufuata kadi. Mlango ulipofungwa, Binti Ausi aliona nafasi ni hiyo.

"Daktari, mimi ni mkunga. Mtoto huyu nilimfungia gizani wiki tisa. Bila taa. Nilifanya kwa mkono wangu." Alikitazama kiganja chake. "Ni mimi niliyempofusha?"

 Daktari aliweka tochi mezani.

"Alipozaliwa alilia?"

"Baada ya kusuguliwa."

"Aliwahi kuacha kupumua?"

"Mara tatu nilizoziona."

"Ulifanyaje?"

Alimweleza. Alimweleza kifua, kijiko, nyayo, rangi ya biringani. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Umekuja na barabara ya Ruangwa," akasema. "Mwaka jana, mvua zilipoikata, Ruangwa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Nachingwea ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Lakini mzigo haukufika. Basi, jicho ni Ruangwa. Huku kisogoni ndiko Nachingwea, ndiko picha inakofasiriwa. Katikati kuna njia ndani ya ubongo, na kwa mtoto njiti njia hizo ni laini mno, mishipa yake ya damu bado haijakomaa. Akikosa pumzi, au damu ikivuja kidogo, zinakatika. Njia za miguu zimepita jirani, ndiyo maana umeona miguu yake inakaza. Hayo yalitokea siku zile za kwanza. Pengine saa za kwanza. Giza lako halikumjeruhi, bibi."

Binti Ausi alimtazama bila kupepesa.

"Halikumsaidia pia," daktari aliendelea. "Mtoto anataka mwanga, hata mdogo, na sura ya mtu. Usifanye tena. Lakini kile kifua chako ndicho kilichomweka hai. Huko kwenu, mwaka ule, bila joto lile, mngemzika."

Binti Ausi alikuwa amejiandaa kwa hukumu miezi saba. Sasa hukumu haikuja, na hakujua aweke wapi mikono yake. Alitaka kuinuka. Daktari alikuwa bado hajamaliza.

"Niulize na mimi. Uligundua lini kwamba hakuoni?"

"Julai."

"Amekuja Novemba."

"Ndiyo."

"Barabara ikikatika, watu hutafuta mchepuko. Ubongo wa mtoto mchanga nao ni hivyo hivyo, na kadiri alivyo mdogo ndivyo anavyoupata kwa urahisi. Ile miezi minne uliyokaa kimya, hiyo ndiyo ninayoisikitikia. Wiki tisa za giza, hapana."

Alilisema bila ukali, kama anayemwambia mtu kwamba mvua itanyesha. Binti Ausi aliliona neno hilo linamwingia na kukaa. Alikuwa amebeba mzigo usio wake, akauficha, na kule kuuficha ndiko kulikokuwa kosa. Zaina alipoingia na kadi alimkuta mkwewe ameshika pembe ya meza.

"Mama, vipi? Amesema nini?"

"Amesema macho ni mazima," Binti Ausi alijibu. Kisha akaongeza, na ilimchukua nguvu, "Na amesema nilipaswa kusema mapema. Nilimjaribu Julai, Zaina. Nilijua. Nikanyamaza."

 Zaina alimweka mtoto vizuri begani.

"Tulinyamaza," akasema.

Wanaomfahamu Fahadi siku hizi, kijana wa miguu iliyokaza anayetembea na fimbo, anayekujua kwa mwendo wako ungali mbali lakini akakupita sokoni ukiwa umesimama tuli, wanadhani kwamba alizaliwa tu akiwa na akili ya kubahatisha. Hawajui kikombe cha njano. Hawajui aliketishwa mara ngapi kwenye ule ukuta, wala kwamba baadaye nesi Domitila alimtuma Binti Ausi kwenye nyumba za watoto njiti wengine, akafungue mapazia.

Kabla ya kupanda basi siku ile, Binti Ausi alimwambia Zaina amsubiri kivulini. Alikwenda sokoni peke yake akarudi na kifurushi cha gazeti. Njia nzima alikipakata mapajani kwa mikono miwili. Zaina hakuuliza.

*

Asubuhi yake alijifungia ndani muda mrefu. Alipotoka, Zaina aliyekuwa anawasha moto aliacha kupuliza, moshi ukampanda usoni.

Mama mkwe wake alikuwa amevaa kaniki. Mpya, bado ina mikunjo ya dukani, inanuka rangi. Alitembea nayo kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Alikwenda hadi ukutani, alipoegemezwa Fahadi, akavua ndala, akaketi mbele yake. Kisha akafungua kilemba.

Nywele za Binti Ausi zilikuwa zimekuwa nyeupe mwaka uleule wa elinino, zote, na hakuna aliyewahi kuziona isipokuwa mkwewe. Juu ya ile nguo nyeusi ziling'aa. Akainamisha kichwa, akakisogeza polepole, kulia, kushoto, kama ungo unapopepetwa. Hakusema neno. Hakuimba. Alibana midomo hata pumzi isisikike.

Mtoto alitulia. Kumi. Kumi na tano. Aligeuza uso pembeni, kule anakogeuzia anapotaka kuona, na macho yakateleza, yakarudi, yakateleza. Ishirini. Kuku alipita, Zaina akamfukuza kwa mkono tu. Thelathini. Mkono wa Fahadi ulinyanyuka, ukasita hewani, ukaenda mbele, ukashika nywele, ukavuta.

Iliuma. Binti Ausi hakusogea. Machozi yalimdondokea kwenye kaniki na hayakuonekana.

Mwanamvua alikuwa anapita na kuni kichwani. Alipoona wanawake wawili wenye nguo nyeusi kwenye ua mmoja alisimama ghafla, kuni zikamwanguka.

"Shoga, jamani, safari hii ni nani?"

"Hakuna," Binti Ausi alisema kwa sauti ya kunong'ona, bila kuinua kichwa. "Nyamaza kidogo, mwenzangu. Ananitazama."